Mdomo wa Ubavuni

Mimi simwamini mtu anayenipa kitu kilichofungwa. Mboga nalifungua fungu lote, unga nautia kidole, na asali nikiletewa naipindua chupa nione inavyoteremka. Marehemu mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Alisema mwanamke wa biashara katika mji ambao si wa babu zake asipokuwa na shaka atarudi kwao na kanga moja, na sisi hata kwetu kwingine kwa kurudi hatukuwa nako. Sisi ni Waislamu wa mjini Kisii. Babu alikuja na biashara ya nguo, akaoa bibi wa huku huku milimani, akazikwa hapa hapa. Mpaka leo nikitoa Kigusii changu sokoni lazima mtu ageuke aone ni nani huyo.

Mume wangu hakuumbwa hivyo. Kwake yeye kitu kikiwa kizuri basi ni cha kweli. Nilipoolewa naye shangazi zangu walisema Mungu amepima, kwamba mmoja ataamini na mwingine atachunguza, na nyumba itakaa sawa. Ilikaa sawa miaka mingi. Halafu ukaja wakati nikasadiki kwamba mume wangu ananitoka, kwamba kuna kitu kati yetu amekifunga na ufunguo hataki kunipa. Wakati huo ndio ninaouandika, na siwezi kuuandika bila kuanza na kompyuta.

Duka letu linatengeneza programu za mazishi. Huku hakuna mtu mzima anayeteremshwa kaburini bila kijitabu cha rangi chenye sura yake mbele, maisha yake katikati, na shukrani za familia nyuma. Sisi wenyewe tunazika siku hiyo hiyo, sanda na dua, bila karatasi hata moja. Wateja walitutania kwa hilo. "Nyinyi mnazika mtu hata chai haijapoa," mzee mmoja aliniambia, "sasa mtajua aje kuandika maisha yake?" Mume wangu alicheka akamtengenezea kijitabu ambacho mzee yule alikishika kifuani mwaka mzima. Alikuwa na jicho, huyo mume wangu. Aliweza kuipunguza nukta moja pembeni ya picha, na ghafla marehemu akaonekana anapumua.

Na jicho hilo lilipenda aina moja tu ya kompyuta. Ni zile za kipande kimoja, skrini na ubongo katika mwili mmoja, za kampuni ya ng'ambo ambayo sitaitaja kwa kuwa hainilipi. Ya kwanza tuliinunua mtumba kutoka Nairobi tukiwa bado maharusi. Ilikuwa ya buluu, buluu ya pipi za barafu, na plastiki yake ilipitisha mwanga. Nyuma ilikuwa na tumbo kubwa la mviringo, na juu kipini kama cha kikapu, ingawa mtu wa kuibeba kwa mkono mmoja sikuwahi kumwona. Wateja waliinama chini ya meza kutafuta lile boksi la kompyuta walilolizoea. "Box iko wapi? Waliwauzia nusu?" Nami mara ya kwanza nilishuku hivyo hivyo. Lakini nilipozunguka nyuma nikaona nyaya zake, mabati yake, hata vumbi lililokuwa limeingia, nikatulia. Kitu kinachokuonyesha tumbo lake hakina njama.

Ya pili ilinikosesha raha. Chini ilikuwa nusu ya mpira, nyeupe, na juu yake shingo ya chuma cha kung'aa iliyobeba skrini nyembamba hewani. Mume wangu aliigusa kwa kidole kimoja, ikainama, ikanyanyuka, ikageuka. "Usione vyaelea, vimeundwa," akasema, kifua mbele kana kwamba ameiunda yeye. Nikamwambia kitu chenye shingo kinaweza kukupa kisogo. Akacheka sana. Alikuwa na kicheko cha kutupa kichwa nyuma, na mimi hata nikiwa nimenuna kilinishinda.

Ya tatu ilikuwa ubao mweupe uliosimama kwa mguu mmoja wa bati. Kila kitu kilikuwa kimesukumwa nyuma ya skrini, na chini ya skrini kimebaki kidevu. Tulikicheka kidevu hicho, lakini mashine yenyewe niliipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na skrubu tatu tu chini. Ukizilegeza, mgongo mzima unatoka kama kifuniko cha sufuria na unaona kila kitu kilipo. Nilikuwa nikiifungua hata bila sababu. Mume wangu aliniambia nitaiua kwa kuichungulia.

Kisha ikaja ya nne, bati tupu na kioo cheusi. Skrini yake ilikuwa kubwa mno, sijui ya nini katika duka ambalo watu wawili wakisimama wa tatu anangoja nje. Skrubu ya nje niliyoweza kuifikia haikuwapo. Kioo kilishikwa na sumaku kwa ndani, na ukitaka kukitoa ni lazima ukivute kwa vikombe vya mpira. Ubavuni kulia kulikuwa na midomo miwili. Mmoja ulikuwa mwanya mrefu wa kumezea sidii. Chini yake, karibu upana wa kidole tu, kulikuwa na mwanya mfupi wa kuchomekea kadi za kamera.

"Unaona?" nilimwambia. "Kila wakitengeneza nyingine wanapunguza mlango. Ya kwanza ilikuwa wazi, hii imefunga mpaka mdomo. Wanaficha nini?"

"Wanaficha ubaya," akasema. "Wewe ungetaka kila mtu atembee utumbo nje."

Tangu ile mashine kubwa iingie, ndipo mume wangu naye alipoanza kufungika.

Kwanza aligeuza meza. Zamani alikaa ubavu kwa mlango, ukiingia unaona anachokifanya. Sasa akaketi ndani kabisa, uso kwa mlango, skrini ikinipa mgongo. Nikamuuliza sababu, akasema mwanga unamsumbua. Halafu akaacha gazeti. Mtu aliyekuwa akisoma hata matangazo ya minada, akasema habari zote ni uongo. Simu ikilia ujumbe, aliiinua karibu na pua, akanigeuzia bega. Baadaye hata kusoma akaacha, akawa anasikiliza sauti tu, simu imebanwa sikioni, ananong'ona majibu. Niambie wewe, mtu anayenong'onea simu dukani kwake mwenyewe anazungumza na nani?

Nilipata jibu upesi, au nilidhani nimelipata. Kulikuwa na mama mmoja anayefanya kazi katika ofisi za Kenyenya, mlokole, mtu wa kamati zote za mazishi za upande ule. Alikuwa akileta maandishi na kusubiri. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikawaona kupitia dirishani. Amevuta kiti mpaka kwenye kiti cha mume wangu, vichwa viwili mbele ya skrini moja, naye anazungumza polepole kwa sauti ya chini na mume wangu anaitikia kwa kichwa. Nilipoingia walinyamaza.

"Karibu, mama," akaniambia yule bibi, kana kwamba duka ni lake.

Nilipanga bahasha kwenye rafu kwa kishindo mpaka alipoondoka. Tangu siku hiyo nilimpekua mume wangu kama asali. Nilinusa shati. Niliuliza alikotoka kabla hajavua viatu. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo zake nilikuwa ninazifua mimi. Harufu sikuikuta. Hilo nalo likanitia wasiwasi zaidi, maana nilijua kuna kitu; ndani ya mwili wangu nilijua.

Kukaongezeka na maneno ya mjini. Mteja mmoja alidai alituachia kadi ya kamera na hatukumrudishia. Mume wangu akasema hakupewa. Nikamtetea kwa sauti kubwa, kwa sababu mume wangu mimi ndiye mwenye haki ya kumshuku, si watu wa barabarani. Baada ya muda akaja mwingine na kilio hicho hicho. Nikamtetea tena, lakini sauti ilikuwa imepungua.

Halafu akaja kijana mpiga picha wa Nyacheki.

Alikuja asubuhi mvua ikinyesha, kadi ameifunga kwenye nailoni. Marehemu alikuwa mkulima wa majani chai, mjane, mtu ambaye katika maisha yake yote hakupenda kupigwa picha. Kijana alikuwa amempata akiwa hai mara moja tu, kwenye harusi ya jirani, bila yeye kujua. Picha za mama yule hazikuwapo kwingine kokote. Nilikuwa nimesimama pale na chai yangu nikaona kwa macho yangu, kijana akaiweka kadi kwenye kiganja cha mume wangu. Alasiri akarudi kuona kijitabu, maana mazishi yalikuwa keshokutwa na familia ilivitaka vitabu kesho yake asubuhi.

"Kijana," mume wangu akamwambia, "wewe hukunipa kadi. Ulinipa karatasi ya maandishi tu."

Kijana akageuka akanitazama mimi. "Mama, si ulikuwa umesimama hapo na kikombe? Mimi niliweka kwa mkono ya mzee. Hiyo picha hakuna ingine. Sasa nitaambia watu ya nyumbani nini, ati mama yao hakuwa na uso?"

Nilitamani ardhi inimeze. Niliona. Nilijua niliona. Kwa hiyo mume wangu alikuwa mwongo, mbele yangu, bila kupepesa jicho. Na kwa nini mtu aibe kadi yenye picha za mwanamke mmoja wa Nyacheki? Akili yangu haikuhitaji kusukumwa. Mjane, mzuri labda, asiyependa picha, labda alikuwa na sababu ya kutopenda picha. Nikaanza kumwonea wivu marehemu. Nacheka nikiandika hivi, lakini siku hiyo sikucheka. Nilisimama kwenye mlango wa duka langu nikimchukia maiti ambaye hata jina lake lilikuwa mezani kwetu na sijalisoma.

Nikamwambia kijana akangoje hotelini anywe chai, kadi nitaitafuta mimi. Kisha nikaweka mtego. Nilikuwa na kadi yangu ya zamani yenye picha za watoto wetu. Nikampa mume wangu kwa upole ambao mtu mwenye shaka huwa nao anapokaribia kumshika mtu. "Hebu nifungulie hizi, bwana, nichague moja ya kumtumia dada." Nikazunguka nikasimama nyuma yake, mahali ambapo kwa muda mrefu sikuwa nimekaribishwa.

Herufi kwenye skrini zilikuwa kubwa kama za ubao wa duka. Nikadhani ni mchezo. Yeye hakuitazama kadi. Aliishika kwa vidole viwili, na mkono mwingine ukateremka ubavuni mwa mashine, polepole, ukipapasa, vile unavyotafuta ukuta stima ikipotea. Vidole vikaanzia juu. Vikakutana na mwanya wa kwanza, ule mrefu, wa sidii. Akasukuma.

Kadi ikaingia yote. Katika tundu lake halali, kadi hubaki imetoa kichwa nje. Hii haikubakisha hata ncha.

Akangoja. Akausogeza uso mpaka pua ikakaribia kioo. "Kadi yako ni tupu," akasema.

Maneno niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi, mengine ya kuvunja ndoa, na hata moja halikufaa. Nilitoka nje nikamwita fundi wa simu wa jengo letu. Fundi naye akaenda kuazima kwa muuza vioo vile vikombe vya mpira vya kubebea vioo. Mume wangu akauliza kuna nini, nikamwambia mashine imemeza kadi. Hakubisha, na kutobisha kwake ndiko kulikonitia baridi.

Fundi akailaza mashine kwenye gazeti karibu na mlango. Kioo kikatoka na mlio wa busu. Akafungua skrubu za ndani, akainua skrini, akachomoa chombo cha kusomea sidii, akakitikisa. "Ai, mama," akasema. "Hii machine imekula." Kadi yangu ikaanguka kwenye gazeti. Ikafuata ya kijana wa Nyacheki, ingali na kipande cha nailoni. Zikafuata nyingine, nyeusi, za buluu, moja ina jina la studio lililoandikwa kwa kalamu. Zilikuwa zimelala pale kwenye jua, mbele ya miguu ya mume wangu.

"Zimetoka?" akauliza. "Ni moja au mbili?"

Fundi alinitazama. Halafu akainamisha kichwa akaanza kuzipanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Fundi alipoondoka nilifunga mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu ule ubao mweupe, kidogo kidogo. Kadi zikinipotea nikawa nakana, watu wasijue."

"Na yule mama wa Kenyenya?"

"Ananisomea makosa. Nilimwambia nimesahau miwani nyumbani."

"Miwani gani? Wewe huna miwani."

"Ndiyo maana nilikuwa naisahau kila siku," akasema, na nusura atupe kichwa nyuma, kile kicheko chake, lakini hakikufika.

Nikalia. Nililia kwa hasira zaidi ya huzuni, kwa sababu mwanamke mwingine alijua nusu ya jambo ambalo mimi sikupewa hata robo, na kwa sababu nilikuwa sawa wakati wote. Kitu kilikuwapo. Nilikichungulia kila mahali isipokuwa machoni mwake.

"Kwa nini hukuniambia mimi mkeo?"

"Wewe bila sababu unanipekua," akasema. "Ningekupa sababu, ungeniacha nishike hata kikombe?"

Nikainama nikaziokota kadi kwenye gazeti.

Vitabu vya Nyacheki tulivitoa usiku ule ule, yeye akiniambia la kufanya, mimi nikifanya vibaya. Mama yule alikuwa na sura pana ya kawaida, leso kichwani, anacheka na mtu asiyeonekana pichani. Nilimwomba radhi kimoyomoyo. Kadi nyingine zilirudishwa kwa wenyewe. Tulipiga simu, tukaeleza, wengine wakatusamehe, wengine wanasimulia mpaka leo kwamba watu wa duka lile hula kadi.

Hospitalini tuliambiwa ni sukari. Imekula mishipa ya nyuma ya jicho, na vidole navyo ilikuwa imeanza kuvitia ganzi, ndiyo maana hakuitofautisha ile mianya miwili. Kilichobaki kinaweza kutunzwa, kilichokwenda kimekwenda. Akaanza dawa na sindano. Aliendelea kuketi kwenye kiti chake, herufi zikizidi kukua, nami nikaketi kwenye benchi la wateja nikimsomea. Kiti hakukitoa. Nami sikukiomba, ingawa kazi nyingi sasa ilipita mikononi mwangu. Alikuwa akinikatiza kila mstari. "Umesoma yote? Hujaruka?" Mtu aliyekuwa akiamini kila kitu, sasa anauliza kama chai ni chai.

Mwaka jana ile mashine kubwa ilikataa programu mpya, tukaagiza nyingine. Kampuni ile imerudi kwenye rangi, kama enzi za ile ya kwanza: nyekundu, kijani, manjano, buluu. Mume wangu alifurahi kama mtoto wa Idi. Alimwambia muuzaji kwa simu, mara mbili, mara tatu: buluu. Alitaka kumaliza na rangi aliyoanza nayo.

Katoni ilifika yeye akiwa msikitini. Nikaifungua peke yangu. Ilikuwa ya fedha, rangi ya sufuria. Mletaji akaniambia za buluu zilikwisha, na mzigo mwingine haujulikani.

Mume wangu aliingia akaketi, akaipapasa. Alianzia juu. Ilikuwa nyembamba kama sinia. Vidole vikateremka kulia vikitafuta midomo, havikupata kitu. Vikaenda kushoto, havikupata kitu. "Hii hata mdomo imenyimwa," akasema. Nikamwambia kadi sasa zinachomekwa nyuma, kwa waya wake, kazi hiyo niachie mimi. Akaitikia. Mikono ikabaki juu ya mashine.

"Ni ya buluu?" akauliza.

Mimi niliyewashuku watu maisha yangu yote kwamba wananidanganya, nilitaka kudanganya, tena kwa roho safi. Ingekuwa neno moja. Nani angemwambia? Ninaapa neno lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nilimtazama yale macho yaliyoelekezwa kwangu, pembeni kidogo ya uso wangu, nikaona kwamba nikilisema hilo, kila nitakachomsomea baadaye kitakuwa kitu kilichofungwa.

"Si ya buluu," nikasema. "Ni ya fedha. Buluu zilikwisha."

Akaitoa mikono juu ya mashine.

"Najua," akasema. "Muuzaji alinipigia nikitoka msikitini."

"Sasa umeniuliza nini?"

"Nilitaka kujua kama utaniambia."

Akainuka. Akashika mgongo wa kiti, akakivuta nyuma kidogo, akakigeuza upande wangu.

"Basi keti wewe," akasema, akaenda kuketi kwenye benchi.